Ijumaa Keramat Alipotangulia

Wengi mjini Azna walimjua Keramat kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa majiko ya mafuta, yale ya kupashia nyumba joto, na mji wetu hauna huruma msimu wa theluji. Lakini waliojaa ukumbini siku ya matanga yake, Mungu amrehemu, hawakuzungumzia majiko. Walikula tende, wakasoma Fatiha, kisha wakaanza kuzungumzia Ijumaa.

Kila Ijumaa, kabla ya jua kuchomoza, kikundi cha wapanda mlima kilikutana mbele ya tanuri la mikate. Jahanbakhsh mwuza nyama ndiye aliyetangulia, kwa kuwa alizijua njia zote za mlima wa Oshtorankuh. Keramat alifunga msafara. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhakikisha habaki mtu nyuma yake. Mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu, Keramat naye alisimama akatazama mawingu, kama mwenye shauri na mawingu, ili yule asione haya kwamba anasubiriwa. Mtu akitaka kwenda haja, Keramat aligeukia upande wa pili na kukohoa. Wanene, wazee, akina mama ambao daktari kawaambia watembee la sivyo sukari itawaua, wote walipanda mbele yake na kushuka mbele yake. Na kila msafara uliposimama kupumua, Jahanbakhsh alipaza sauti kutoka juu, "Nyumaaa!" naye Keramat akajibu kutoka chini, "Hakuna mtu nyuma yangu!" Hapo ndipo watu walipokaa chini na kufungua chupa za maji.

"Kwenye sinia la wali ni wa kwanza," mkewe Esmat alizoea kusema. "Mlimani ndio anajifanya mkia."

Katika miaka yote hiyo alitangulia mara moja tu, na aliyemtanguliza ni baba wa mkwewe mtarajiwa.

Haji Yadollah alikuwa mwosha mazulia wa Kashan, mtu wa nchi kame, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alikuja Azna kumwombea mwanawe, Behruz, mkono wa Parirokh, binti wa pekee wa Keramat. Alhamisi jioni familia mbili zilikaa sebuleni, na saa nzima ilipita watu wakisukumiana heshima. Haji alikataa mto wa kuegemea mpaka Keramat naye apewe wake. Keramat alikataa kunywa chai kabla ya Haji. Chai zote mbili zikapoa.

"Nasikia kesho una mlima wako, Mashadi," Haji alisema. Keramat alikuwa ameshazuru Mashhad, na watu walimwita hivyo. "Laiti na sisi tungekuwa na bahati ya namna hiyo."

"Bahati itakuwa yetu, Haji. Twende wote. Utatutilia nuru msafara."

Haji hakutaka kwenda popote. Alikuwa anasifu tu jambo la mwenyeji wake, kama inavyompasa mgeni. Keramat naye hakutaka kumpandisha mzee wa watu mwendo wa kutwa nzima hadi Ziwa Kow. Alikuwa anajibu tu sifa kwa mwaliko, kama inavyompasa mwenyeji. Kilichobaki ni Haji kukataa, Keramat kusihi, Haji kukataa tena, na mambo yaishe kwa amani. Lakini Behruz, aliyekuwa jioni nzima akitafuta njia ya kuwa karibu na Parirokh, ambaye Ijumaa hupanda na babake, walau kwa umbali wa mawe mawili, aliruka.

"Baba anapenda sana milima!"

Haji alimtazama mwanawe kwa jicho ambalo halikuwa na heshima hata chembe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Alfajiri Keramat alimletea viatu vya mlima vya mdogo wake.

"Vinakutosha, Haji? Sema kweli, ninavyo vingine."

"Kama vimeshonwa kwa ajili yangu, Mashadi. Mikono yako isione maumivu."

Gari liliwashusha mwisho wa bustani za aprikoti, matunda madogo ya njano tunayokausha juani, na kikundi kikaanza kupanda. Sehemu ya kwanza ni rahisi, unafuata mto huku ukisikia maporomoko ya Nalan kabla hujayaona. Chini ya maporomoko kulikuwa na mahema meusi ya wafugaji waliopanda na mifugo yao kutafuta majani. Bibi mmoja, Golabatun, aliyekuwa akitikisa kiriba cha maziwa mbele ya hema lake, alimwona Haji akipita na fulana yake iliyopigwa pasi.

"Huyu bwana harusi mmemtoa wapi?" aliuliza.

"Ni mgeni wetu, Bibi," Keramat alisema.

"Basi mrudisheni akiwa mzima. Mgeni akivunjika ni aibu ya bonde zima."

Baada ya maporomoko njia inakuwa ngazi za mwamba, unashika kwa mikono. Halafu inakuja kokoto, mteremko mrefu wa mawe madogo yanayokimbia chini ya mguu, hatua moja juu, nusu hatua unarudishwa. Hapo ndipo tabu ya Keramat ilipoanza. Kwetu sisi, kumpa mtu mgongo ni kumkosea, na ukilazimika kumpa unaomba radhi. Ndani ya chumba jambo hili huisha kwa neno moja. Lakini Haji alikuwa anampa Keramat mgongo tangu alfajiri, mlima mzima, na dhamiri yake haikutulia. Kila baada ya hatua chache aligeuka.

"Samahani, Mashadi. Nimekupa mgongo."

"Wewe ni ua, Haji. Ua lina mgongo gani? Panda tu, tazama mbele."

"Naona haya kwa kweli."

"Usione haya. Ona jiwe hilo."

Mwishowe Haji akawa anapanda kiubavuubavu, kama kaa, ili mgongo wake wote usimwelekee mwenyeji. Jahanbakhsh alimwona kutoka juu, akapiga kelele, "Mashadi, huyo mgeni anapanda au anacheza ngoma?" Watu wakacheka, na Haji mwenyewe akacheka, akafuta jasho.

Adhuhuri walivuka ukingo wa mwisho na ziwa likawa chini yao. Sijui nilieleze vipi. Theluji ilikuwa bado imelala upande mmoja hadi ndani ya maji, na maji yalikuwa na rangi ile ya vigae vya kuba la msikiti. Haji alishuka hadi ukingoni, akachutama, akatia viganja vyote viwili majini, akavitoa upesi kwa baridi, akavitia tena.

"Maisha yangu yote naosha mazulia ya watu kwa maji ya kupimiwa," alisema. "Sijapata kuona maji mengi namna hii yasiyo na mwenyewe." Halafu akajirekebisha, "Yanaye mwenyewe. Namshukuru."

Wakatawadha, wakaswali. Wakala mkate na jibini, lozi za kijani, matango, na vitunguu vya mlimani ambavyo akina mama walivichuma njiani. Behruz na Parirokh walikaa juu ya mawe mawili, na katikati yao akakaa mke wa Jahanbakhsh, Shahrbanu, akivunja kokwa za jozi kwa jiwe. Kila walipokaribia kusema neno, alivunja moja. Keramat aliwatazama huku birika likichemka juu ya moto, akasema moyoni kwamba kama Mungu atamchukua leo, hatakuwa na la kulalamikia.

Saa nane mawingu yalianza kujikusanya nyuma ya vilele. Jahanbakhsh akawaambia watu wafunge mizigo.

Mwanzoni mwa kushuka, Haji alisimama kando ya njia, mkono kifuani.

"Safari hii tangulia wewe, Mashadi."

"Haji, mimi hutembea nyuma. Ndiyo kazi yangu."

"Najua. Lakini nimekupa mgongo kutwa. Nikikupa tena hadi chini, usiku nitalalaje chini ya paa lako?"

"Nimekusamehe, wallahi."

"Mimi sijajisamehe. Tangulia. Kwa roho ya marehemu baba yako."

Kama angekuwa mtu mwingine yeyote, Keramat angemwambia, "Acha maneno, tembea." Lakini huyu alikuwa mgeni, tena Haji, tena baba wa kijana anayemposa bintiye. Kumkatalia alipoapiza kwa marehemu kungekuwa tusi. Keramat alitazama nyuma, akatazama mbele, akasema, "Kidogo tu. Mpaka mwisho wa kokoto." Akatangulia.

Walipofika mwisho wa kokoto Haji alikuwa nyuma yake, anahema lakini anatabasamu. "Endelea, endelea, nakuja taratibu." Keramat akaendelea. Kwenye ngazi za mwamba mama mmoja aliogopa, Keramat akamshika mkono, akamwonyesha pa kuweka mguu huu na ule. Kazi hiyo ilichukua muda. Alipomaliza, kelele za maporomoko zilikuwa zimeshameza kila sauti ya kutoka juu, na watu wa mbele walikuwa wameshafika kwenye mahema.

"Nyumaaa!" Jahanbakhsh aliita.

"Hakuna mtu nyuma yangu!" Keramat akajibu, kwa mazoea ya mdomo. Kisha akakumbuka, akageuka huku akicheka amwombe Haji radhi kwa kumsahau.

Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Alisubiri, akidhani mzee ameingia nyuma ya mwamba kwa haja zake. Akakohoa. Akapanda ngazi chache, akachungulia. Njia ilikuwa tupu hadi juu, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye kokoto.

Aliteremka mbio hadi kwenye mahema, na Behruz alikuwa wa kwanza kuiona sura yake.

"Baba yuko wapi?"

"Nimempoteza," Keramat alisema. "Nilimtangulia, nikampoteza. Kosa ni langu."

Parirokh aliweka mkono mdomoni. Jahanbakhsh alitaka kusema neno la kumtuliza, Keramat akamkatisha. Akamwambia awateremshe watu wote, yeye anarudi juu. Behruz akasema na yeye anarudi, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Keramat alibeba kamba na tochi, akamweka kijana mbele yake.

Walipanda zile ngazi za mwamba kwa mara ya pili siku ile, na magoti ya Keramat, aliyoyapiga mbele ya majiko ya watu miaka mingi, yalilia kwa kila ngazi. Mvua ya mawe ikaanza, madogo kama dengu, ikigonga kofia. Behruz aliita hadi sauti ikakwama.

"Baba! Uko wapi? Baba!"

Hakuna kitu.

"Labda hasikii," Keramat alisema.

"Huenda anasikia." Kijana alikuwa analia waziwazi. "Humjui baba, Mashadi. Mwaka juzi alivunjika mbavu kiwandani, akamaliza siku nzima akisema si kitu, asiwasumbue wenzake. Baba akizama majini ataomba radhi kwa kuyatibua."

Keramat alikuwa anafikiri juu ya jua, ambalo lingetua nyuma ya kilele baada ya muda mfupi, na juu ya baridi inayokuja baada yake. Alifikiri juu ya mtu mwenye fulana iliyopigwa pasi akilala huko juu usiku. Watu wangapi alishuka nao salama, wavivu, wakaidi, watu ambao hata asante hawakusema, na huyu mmoja aliyemheshimu kuliko wote ndiye aliyemwacha. Walikuwa wamefika chini ya kokoto. Alikaa juu ya jiwe, akatazama juu kwenye mawingu, akamwomba Mola wake kwa maneno ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Halafu, si kwa hila wala kwa akili, bali kwa sababu alikuwa ameishiwa, alipiga ukelele kama mtoto.

"Haji! Nisaidie! Nimeshindwa, Haji, nisaidie!"

Mvua ya mawe iligonga miamba. Kisha kutoka kulia, chini ya njia, mahali wanapopita mbuzi peke yao, ikaja sauti.

"Nakuja! Vumilia, Mashadi! Nakuja sasa hivi!"

Behruz na Keramat walitazamana. Sauti ikaendelea, yenye wasiwasi mkubwa, "Umeumia? Usitikisike! Nakuja!" na mawe yakasikika yakiporomoka.

"Usije!" Keramat alipiga kelele. "Haji, kwa jina la Mungu, usije! Kaa hapohapo!"

Walimkuta kwenye ubao mwembamba wa mwamba, hatua chache kutoka ukingoni, akitambaa kwa mikono na goti moja. Mguu wa pili aliuburuta. Miguu yote miwili ilikuwa wazi, na vidole vilikuwa vyeusi kwa damu iliyoganda. Aliinua uso akamwona Keramat amesimama wima, mzima.

"Alhamdulillahi," Haji alisema. "Nilidhani umevunjika."

"Haji, ulikuwa unatusikia?"

Mzee alitazama chini. "Nilimsikia Behruz mara mbili. Lakini nikasema, watu wamechoka, wana njaa, nianze tena kuwapandisha kwa ajili ya kidole? Nilitoka njiani nivue viatu kidogo, nikateleza. Goti hili. Nikasema nitapumzika, litapoa, nitawafuata."

"Viatu," Keramat alisema.

"Viatu ni vizuri sana."

"Vinakubana?"

"Hapana, hapana. Kidogo."

Keramat alipiga magoti mbele yake, akamshika mabega yote mawili. Mvua ilikuwa inawatiririka usoni. "Haji. Sisi tunataka kuwa ndugu. Niambie kama unavyomwambia ndugu. Unaumwa?"

Haji Yadollah alifungua mdomo kusema si kitu. Akaufunga.

"Naumwa sana, Mashadi," alisema. "Naumwa tangu kwenye bustani za matunda."

"Alhamdulillahi!" Keramat alisema, akambusu paji la uso. "Mungu akupe umri! Sema tena!"

"Naumwa sana!"

Behruz alianza kucheka huku analia, na mzee akamwambia kwa ukali, "Na wewe, mpenda milima, tutaongea."

Walimfunga kamba kiunoni, wakampandisha hadi njiani. Kisha wakampokezana mgongoni, Keramat kwenye ngazi za mwamba kwa kuwa alizijua hata macho yakiwa yamefumbwa, Behruz penye nafuu. Haji hakusema tena samahani. Alisema, "Taratibu," na, "Hapo panauma," na wakati mmoja akasema, "Mashadi, mifupa yako inachoma kama misumari, umekonda mno," na kila neno la namna hiyo liliingia masikioni mwa Keramat kama adhana. Walipotokea chini ya maporomoko mwanga ulikuwa bado umebaki upande wa bonde. Jahanbakhsh hakuwa amemteremsha mtu hata mmoja. Kikundi kizima kilikuwa kimekaa mbele ya mahema, akina mama wakisoma dua, na Parirokh alikuwa amesimama peke yake njiani, ameloa. Alipoona wanaotembea ni wawili na vichwa ni vitatu, alikaa chini palepale kwenye matope.

Golabatun hakuuliza ruhusa ya mtu. Alimlaza Haji hemani, akalikanda goti, akavunja mayai kwenye bakuli, akatenga ute, akachanganya kiini na manjano kuwa dawa ya kupaka.

"Nilisema mrudisheni mzima," alimwambia Keramat. "Huyu ni mzima huyu?"

"Ni kosa langu, Bibi."

"La wote wawili. Watu wazima mnapelekana mlimani kwa adabu." Akamgeukia Haji. "Na wewe, hapa hakuna sebule. Ikiuma, piga kelele."

Parirokh aliingia na chai. Haji hakusubiri Keramat apewe. Alichukua kikombe, akanywa funda kubwa, akamtazama binti.

"Jana usiku nilisema wewe utakuwa taji la nyumba yetu," alisema. "Mlidhani ni adabu tu?"

Parirokh aliinamisha macho. "Ndiyo, Haji. Tulidhani."

"Mimi pia nilidhani. Leo nasema tena, na goti langu likiwa linawaka moto. Nimekuona pale njiani. Nitashukuru sana ukikubali, na kama hutaki huyu mwanangu mwongo, sema, sitakasirika."

"Namtaka," Parirokh alisema, kwa sauti iliyosikika hadi nje, na Shahrbanu akapiga kigelegele ambacho kiliwatimua mbuzi.

Keramat alitoka. Mvua ilikuwa imekatika. Alikwenda hadi pale maji ya Nalan yanapotulia, akatawadha, akachagua jiwe bapa safi. Aliswali rakaa mbili za shukrani. Alikuwa amezoea kuomba mambo mengi kwenye sijida, binti, mke, afya, mafuta yasipande bei. Safari hii aliweka paji la uso juu ya jiwe na hakupata la kuomba. Akabaki hivyo, akisema asante, akirudia, akitafuta neno jingine na kurudia lilelile. Nyuma yake, ndani ya hema, Golabatun alikuwa ameanza kulifunga goti.

"Ai! Mama, unaniua!" Haji Yadollah alipiga kelele. "Moto huo! Nani alikufundisha kufunga? Legeza! Legeza nasema!"

Na Keramat, paji lake likiwa bado juu ya jiwe, akacheka hadi machozi yakaloanisha jiwe.